Ikipoa Haiwaki

Siku tuliyosoma arobaini ya marehemu mume wangu, watu wamekwisha kula na masufuria yanaoshwa uani, mjukuu wangu alitoka kumpeleka mgeni stesheni, pikipiki yake ikakataa kuwaka. Mara vijana wakajaa mlangoni. Huyu anasema betri imekwisha, yule anasema petroli imechanganywa na mafuta ya taa, na mmoja ambaye hata baiskeli hana akasema pikipiki za siku hizi ndivyo zilivyo. Wakabonyeza kitufe, wakapiga kiki, wakaisukuma mpaka barabarani na kurudi nayo wanahema. Mimi nilikuwa ndani na eda yangu, nawatazama dirishani, na uvumilivu sijawahi kuwa nao. Nikawaambia, "Acheni kuiua hiyo maskini! Toeni plagi, muilaze juu ya injini, mmoja apige kiki, mwingine atazame kama inatoa cheche. Bila cheche, hata mkiimiminia petroli yote ya Tabora hamwendi popote." Wakatazamana kama waliosikia kuku akisoma khutba. Lakini pale barazani kulikuwa na mzee mmoja na mkongojo wake, akacheka mpaka akakohoa. "Fundi yumo ndani," akawaambia, "nyie mnahangaika na kitufe!"

Huyo mzee ni Petro, na ndiye mgeni mwenyewe aliyekuwa anapelekwa stesheni. Ametoka Usinge kwa treni, na umri wake ule, kuja kumsomea rafiki yake dua ya Waislamu huku rozari iko mfukoni. Enzi za Mwingereza alikuwa dresa wa serikali, yaani mganga wa sindano, na ndiye mwenye pikipiki iliyotaka kuivunja nyumba yangu mwaka ule wa kwanza wa ndoa. Aliponiinamia dirishani kuniaga, tukaanza kukumbushana, kila mmoja anamkata mwenzake kauli, mpaka treni ikamwacha na ikabidi alale kwetu. Sitaeleza nilizaliwa na nani wala niliposwaje, maana hayo wanayo ndugu zangu na wanayasimulia vibaya vya kutosha. Nitaeleza mwaka ule tu, kwa sababu waliouona tumebaki wawili, na Petro naye ana tabia ya kuongeza chumvi.

Tulikuwa tumepanga Isevya, chumba kimoja na ua, na mbele, upande wa barabara, kibanda cha kazi alichokijenga mume wangu kwa miti na madebe yaliyokunjuliwa. Jina lake Rajabu. Alikuwa ameacha kazi katika gereji ya tajiri mmoja mjini ili awe na pake, na kwa siku zile kijana wa Kiswahili kuacha mshahara ili akae chini ya madebe yake mwenyewe lilikuwa jambo la kuchekwa. Mimi sikumcheka. Nilikuwa na kazi yangu uani: nanunua masega kwa warina asali wanaotoka porini, nachemsha, nachuja kwa gunia, namimina nta kwenye bakuli ikagande, kisha nawauzia Waarabu wa sokoni. Nyumba yetu ilinuka petroli mbele na asali nyuma, na katikati, pale kitandani, vilikutana. Mpaka leo nikipita kwenye kituo cha mafuta natamani asali, watu wanadhani nimeanza kuzeeka akili.

Nta nilianza kuichemsha kabla sijavunja ungo, kwa hiyo naijua. Ikiwa ya moto ni mwizi: inapita penye tundu dogo, inapanda ukingo wa sufuria, inanyemelea mpini wa upawa mpaka mkononi mwako. Ikipoa inatulia, na ikiwa nyembamba huwezi kuiona kwa macho. Unaipata kwa kidole, au unapoosha chombo na maji yanakataa kushika. Ndiyo maana kijiko kilichopita kwenye nta hakirudi kwenye mchuzi, kwangu ni sheria. Rajabu alipoona inavyozuia maji, akaitaka. Akawa ananiomba donge, analilainisha kwa mafuta ya karanga, kisha anaziba nalo matundu yote ya umeme wa pikipiki, hasa kile kifuniko cha magineto. Pikipiki za wakati ule hazikuwa na kitufe wala hazikutegemea betri kuwaka. Ilikuwepo magineto, dude linalozungushwa na injini yenyewe na kutengeneza umeme, na ndani yake kuna ndimi mbili ndogo za chuma zinazogusana na kuachana. Mafundi waliziita pointi. Zikigusana vizuri na kuachana vizuri, plagi inatoa cheche. Zikiingia maji, safari imekwisha, na masika ya kwetu barabara zote zilikuwa mito.

Basi masika yale nta ilitupa jina. Pikipiki za wengine zinazama kwenye madimbwi, za Rajabu zinavuka zinatoa moshi kama zinawacheka. Watu wakasema pikipiki iliyopita kwa Rajabu inajua kuogelea. Ndipo Petro alipoleta ile ya serikali. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya porini huko Usinge, mbali na reli, kuwachoma sindano wagonjwa wa malale, na mgonjwa wa malale akikosa sindano yake siku iliyopangwa anaharibikiwa. Rajabu aliifungua yote, akaisafisha, akaifunga, akaipaka nta kama mtu anayempaka bibi harusi mafuta. Mvua zote zile haikumwangusha Petro hata siku moja. Alikuwa akija anapiga hodi kwa kelele, "Shemeji Zuhura, mumeo mchawi!" na mimi nampa uji, na ndani kwangu nilikuwa najiona nimeolewa na mtu.

Kazi yangu kwenye kibanda ilianza kwa sababu ya jua. Cheche ya plagi mchana haionekani, jua la Tabora linaimeza. Rajabu alikuwa akihangaika kuikinga kwa kofia, kwa gunia, kwa mgongo wake mwenyewe. Siku moja nikamwambia, "Toka hapo," nikachuchumaa, nikajifunika khanga mimi na ile injini pamoja, kukawa na kiza safi. "Piga!" Akapiga kiki. Nikaiona, kitu kidogo kinaruka ta! ta! kwenye ncha ya plagi. "Ipo!" "Rangi gani?" "Ya buluu." "Basi nzima," akasema. Ikiwa nyekundu na nyembamba ni dhaifu, na ikiwa haipo kabisa ndio unaanza kuifuata nyuma: waya wa plagi, koili, pointi. Toka siku ile ikawa hakuna pikipiki inayotoka mpaka nimeingia ndani ya khanga. Mara moja nilishika vibaya ikanipiga mpaka begani, nikaruka nikamtukana yeye na gereji yake, akacheka akakaa chini. Majirani walisema mke wa Rajabu amegeuzwa utingo. Wacha waseme, nilikuwa napenda. Napenda mpaka leo kitu ambacho kipo au hakipo, hakina maneno mengi katikati.

Kiangazi kilipokaza ndipo yakaanza. Petro akaondoka na pikipiki nzima, akafika kijijini, akaizima, akachoma watu sindano mpaka jua likageuka. Kuja kuiwasha, haiwaki. Akapiga kiki mpaka goti likavimba. Ikarudi mjini juu ya lori la mbao. Rajabu akaipokea, akafanya kama anavyofanya siku zote: akachukua kitambaa, akakichovya petroli, akafungua kifuniko cha magineto, akafuta pointi, kwa sababu fundi anaanza na usafi. Akapiga kiki, ikawaka mara moja. Mimi ndani ya khanga naona cheche ya buluu, nene. Petro akashika kiuno. "Basi inanichukia mimi," akasema. Rajabu akaipaka nta upya, kwa uangalifu kuliko mwanzo, akampa. Safari ya pili ikalala tena porini, na ya tatu vilevile.

Kila fundi anajua kwamba magineto ikizeeka inaogopa joto. Injini ikiwa ya moto inakufa, ukiiacha ipoe inafufuka. Rajabu akalishika hilo. Akatafuta koili nyingine kwenye pikipiki mbovu, akabadilisha waya, akabadilisha plagi, mpaka akaota kwa sauti. Lakini Petro alikuwa akimwambia kitu kingine, na mimi nilikuwa nakisikia nikiwa nachambua mlenda: "Hapana, fundi. Ikiwa ya moto inawaka. Nikizima nikawasha papo hapo, inawaka. Ikipoa ndio haiwaki." Rajabu akajibu, "Haiwezekani, ndugu yangu, mashine haiogopi kupoa. Mbona hapa kibandani asubuhi inawaka, si imelala imepoa usiku kucha?" Na kweli, hapo alikuwa na hoja. Wote wawili walisema kweli, na zile kweli mbili hazikukaa pamoja.

Watu nao hawakukaa kimya. Nyuma ya ukuta wa bafu letu kulikuwa na baraza ya wanywa kahawa, na mtu akioga alikuwa anapata habari za mji mzima. Nikamsikia mmoja, "Rajabu fundi mzuri, lakini pale alipojenga ilikuwa kambi ya wapagazi zamani za misafara. Wamefukiwa watu pale." Mwingine akasema, "Msisingizie maiti. Lini mmeona mashine inashikwa na mwanamke ikapona? Khanga juu ya injini! Lazima ikose nguvu." Wakacheka. Nilikuwa na povu kichwani, nikapaza sauti, "Na kahawa yenu isiyo na tangawizi nayo nimeishika mimi?" Lakini maneno yaliniingia, siwezi kudanganya. Wateja walianza kupungua, na Rajabu akaanza kuitazama mikono yake anapokula, anaigeuza mbele na nyuma, kama kitu alichoazima.

Ndipo akaja shemeji yangu Mrisho, kaka yake mkubwa, kutoka Kigoma. Alikuja na migebuka mikavu, samaki wa ziwa lao, na maneno yaliyokwisha pikwa. Niliwaandalia ugali na nsansa, yaani majani makavu ya kunde, kwa karanga, nikawanawisha, nikarudi nyuma ya pazia nikakaa kusikiliza, kwani chumba ni kimoja ningeenda wapi? "Funga hiki kibanda," Mrisho akasema. "Bandarini kazi ipo, nimeshasema nao. Wewe utakaa na mimi kambini, mkeo atakaa Ujiji na mama." Rajabu akatafuna muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika pazia. Kukaa Ujiji na mama mkwe, mume yupo kambini na makuli, nta yangu nani atainunua, khanga yangu nitamfunika nani? Rajabu akasema polepole, "Kaka, pikipiki ya dresa imeondoka juzi. Wakubwa wake wamesema ikilala porini tena wataipeleka kwa mwingine. Ikirudi yenyewe, nabaki. Ikirudi juu ya lori, nafunga, twende zetu." Mrisho akajibu, "Umesema kiume," akajinyoosha mkekani kungoja. Nilichukia. Nilimchukia Mrisho, nikachukia na ile migebuka yake, nikaipa paka.

Ikarudi juu ya lori. Ilikuwa Ijumaa, mchana, wanaume wote wako msikitini, Mrisho na Rajabu pia. Petro akaishusha kwa msaada wa tanboi wa lori, akaiegemeza kibandani, akakaa kwenye kigoda hana hata utani. Nikampa maji. "Pole, dresa." "Si mimi wa kupewa pole, shemeji," akasema. "Kuna mama mmoja nimemwacha na sindano yake haijachomwa, kijiji cha mbele sikukifikia." Nikaitazama ile pikipiki. Nikakitazama kitambaa cha petroli kimening'inia msumarini. Na hapo, wallahi, ndipo akili iliponijia, na haikuja kwa kufikiri sana, ilikuja kwa kutazama kitambaa: kumbe sijawahi kuiona pikipiki hii ikiwa mgonjwa. Kila ikija, kwanza inafutwa, halafu naitwa. Naitwa kumtazama mtu aliyekwisha nawishwa uso.

"Petro," nikasema, "simama upige kiki." Akasema, "Fundi mwenye mkono wake aje kwanza." Nikamwambia, "Piga!" Nikatoa plagi, nikailaza juu ya injini, nikaingia ndani ya khanga. Akapiga. Giza. Akapiga tena. Giza tupu, hata cha kusingizia hakuna. Mwenzangu, nilifurahi! Watu wangedhani nina wazimu, mwanamke anafurahia ugonjwa, lakini ulikuwa umesimama mbele yangu kwa mara ya kwanza na sura yake yote. Nikafungua kile kifuniko, ni kibanio kimoja tu. Pointi zikang'aa, safi kabisa, machoni hazina neno. Nikainama karibu zaidi, jasho likanidondoka kutoka kidevuni juu ya kile chuma. Tone halikutambaa. Lilisimama duara, likatetemeka kidogo, kama linavyosimama kwenye upawa wangu jikoni. Nikanusa. Nikapitisha ukucha kwenye ulimi mmoja wa pointi, ukatoka na ukoko mweupe mwembamba. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Ilikuwa nta yangu mwenyewe.

Yote yakajipanga. Njia ni ndefu, jua kali, injini inapata joto, nta iliyolainishwa kwa mafuta inayeyuka na kunyemelea ndani mpaka kwenye pointi. Injini ikiwa inazunguka haina madhara, zile ndimi zinagongana na kuifukuza ingali majimaji. Ukizima ukaacha ipoe, inaganda katikati yao kama kitambaa mdomoni, zinagusana na hazigusani. Masika hewa ilikuwa baridi, haikuyeyuka. Na hapa kibandani safari ni fupi, haipati joto, na ikirudi mbovu inafutwa kwa petroli kabla mtu hajaiuliza. "Umeona nini?" Petro akauliza. Nikafunga kifuniko. "Nenda kwa mama lishe pale kona ukale," nikamwambia, "urudi alasiri." Alikuwa rafiki wa kweli, lakini kwetu jambo linalogusa mkono wa mume haliingii sikio la mwanamume mwingine kabla ya lake. Petro hakuwa mjinga. Akanyanyuka akaenda.

Rajabu akarudi na kanzu yake nyeupe, akaiona pikipiki, uso ukaanguka. Akakunja mikono ya kanzu, akanyoosha mkono kuchukua kitambaa. Nikakiwahi, nikakikalia. "Zuhura, nipe kitambaa." "Sikupi." "Zuhura, leo si siku ya mchezo." "Ndio maana sikupi. Fungua, dondosha maji juu ya pointi, tazama." Akafungua, akachovya kidole kwenye kopo la maji, akadondosha. Tone likasimama. Nikasema, taratibu niwezavyo, na taratibu yangu si kubwa, "Ni nta, fundi. Inayeyuka njiani, inaganda ikipoa. Petro alisema kweli." Akasema kwa sauti ndogo iliyonitisha kuliko kelele, "Unasema mkono wangu ndio unaoiua." "Nasema nta." "Nta ameipaka nani?" Akatoka na kanzu yake vilevile, akaenda zake, na wali wa Ijumaa ukapoa. Mrisho aliula wake na wa mdogo wake, akaanza kufunga kapu lake la safari.

Nilikasirika, nikaona uchungu, vyote kwa pamoja. Niliona nimemwokoa na nimemuumiza, na sikujua kipi amekichukua akaondoka nacho. Nikawasha moto nikaweka sufuria ya masega, maana mimi nikiwa na hasira lazima nichemshe kitu. Alasiri ikapita. Petro akarudi, akakaa na Mrisho barazani. Kabla ya magharibi Rajabu akaingia uani, akachuchumaa upande wa pili wa mafiga. Hakunitazama. Akatoa spana mfukoni, akaichovya ncha ndani ya nta, akaitoa, akaipuliza mpaka ikapoa. Akadondosha maji. Akaifuta kwa kidole, akadondosha tena. Akafanya hivyo mara kadhaa kama mtoto aliyepewa kitu kipya. Mwishowe akasema, "Kikulacho." Nikamalizia, "Ki nguoni mwako." Akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Nimeipaka kwa mikono yangu, Zuhura. Kila mara naipaka zaidi." Nikamwambia, "Na mimi nimeipika kwa mikono yangu, kila mara nakupa donge kubwa zaidi. Sasa tutakaa hapa tukilia, au tutakwenda kuikwangua?"

Akaikwangua yote, akaosha kwa petroli kila mahali, akakata ukanda wa ngozi laini akauzungushia kifuniko kwa nje badala ya nta. Ikawaka, naam, ilikuwa na kawaida ya kuwaka hapo. Mrisho akasema, "Hiyo mbona siku zote inawaka kibandani?" Na kwa mara ya kwanza nikaona ana akili. Rajabu akamwambia, "Kweli, kaka. Kesho naipeleka ipate moto, halafu naiacha ipoe. Treni yako ni jioni. Nikirudi kwa miguu, nibebee kapu langu, twende wote." Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Na wewe jiandae. Cheche unaijua wewe." Asubuhi nikafunga khanga mbili, nikakalia gunia lililokunjwa nyuma yake, na Isevya nzima ikatoka nje kututazama. Wale wa kahawa walisimama. Nikawapungia mkono.

Tukashika njia ya zamani ya misafara, ile inayoelekea Kigwa na kuendelea mpaka pwani, kwa sababu ni ndefu na haina watu. Bibi zangu waliita sehemu za njia ile kwa majina ya kambi, sisi tulizihesabu kwa mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti ya miyombo. Vumbi, jua, injini inawaka chini ya magoti yangu. Tukifika mahali penye kivuli Rajabu anageuza kichwa. "Hapa?" "Mbele." Tunakwenda. "Hapa panatosha, Zuhura." "Mbele!" Nilitaka mbali. Nilitaka mahali ambapo ikikataa hakuna lori, hakuna reli, hakuna mtu wa kutuonea huruma, kwa sababu kitu usichokiamini mbali hukiamini hata kidogo. Tukafika mahali ambapo hata mizinga ilikuwa imekwisha. "Hapa," nikasema.

Hakuzima. Alikaa na mkono kwenye usukani, injini inanguruma papo hapo, na mimi nikaona mgongo wake umekakamaa. Miezi yote ile alikuwa na hofu ya kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni hiki, kuzima. Nikaweka kiganja mgongoni pake. Akazima. Pori likanyamaza, halafu likaanza tena na ndege zake. Tukakaa chini ya mti, nikafungua kitambaa cha matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kuanikwa, tukatafuna, tukanywa maji. Nyuki wawili wakaja kuinusa magineto, wakaona hakuna chao, wakaondoka. Kila mara Rajabu ananyanyuka kuishika injini kwa kiganja. Bado ya moto. Bado. Hofu yake nilikuwa naisikia kwenye kutafuna kwake. Mimi nilikuwa sina hofu. Nilijua nilichokiona. Lakini kujua hakukunizuia kutaka kushika mkono wake, nikaushika.

Ilipopoa kabisa, chuma kikawa kama chuma cha asubuhi, akasimama, akapanda, akaweka mguu kwenye kiki. Akapiga, ikakohoa, ikanyamaza. Alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tena maisha yangu yote. "Piga," nikasema, "hujapiga." Akainuka kwa uzito wake wote, akashuka, na ikawaka. Ikawaka kwa sauti kubwa, ndege wakaruka. Nilijua pale pale kwamba Mrisho atapanda treni peke yake. Nikaokota gunia, nikafunga kitambaa, nikainua khanga nipande. Rajabu alikuwa amekaa juu ya ile pikipiki, anasikiliza, machozi yanamtoka bila aibu na anatabasamu. Kisha akanyoosha mkono, akazima.

"Rajabu!" nikapiga kelele. "Mbona umezima?"

"Kaa chini, mke wangu," akasema, anashuka. "Matobolwa bado yapo."